Kliniki za meno: msaidizi asiyeweza kusema "subiri, dokta" anamweka mgonjwa hatarini

#1 Kiti_Namba_Mbili

Wakuu, habari za jioni.

Mada hii inawahusu wenye kliniki za meno, walioajiriwa humo, na hata mgonjwa anayekaa kwenye kile kiti akafumba macho. Nilianza kazi kama msaidizi wa daktari wa meno, sasa ni msimamizi wa kliniki binafsi hapa Dar. Wenye kliniki wakikutana malalamiko ni yale yale: wasaidizi hawakai, ukimfundisha mtu akaiva anahamia kwa jirani. Wanasema ni njaa ya hela. Hela imo, sikatai. Ila nimewasikiliza wengi walioondoka sehemu mbalimbali, na kitu cha kwanza wanachosimulia ni siku waliyofokewa mbele ya mgonjwa. Mshahara unakuja baadaye kwenye mazungumzo.

Kwangu kipimo cha utamaduni wa kazi kwenye kliniki ya meno ni hiki: msaidizi, mwenye kipato kidogo kuliko wote mle chumbani, akiona jambo linakwenda kombo, anaweza kusema "subiri, dokta"? Na dokta anasubiri?

Wodini kuna watu wengi, nesi akikosa wa kumwambia huyu atamwambia yule. Kwenye chumba cha meno mko wawili na mgonjwa, mlango umefungwa, asubuhi mpaka jioni. Macho ya daktari yako ndani ya mdomo. Msaidizi ndiye anayeona mengine yote: mgonjwa amekunja ngumi maana ganzi haijashika, faili lina alama nyekundu ya mzio wa penisilini, pakiti ya vifaa inayofunguliwa haina ile alama inayobadilika rangi ikipita kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Akinyamaza kwa woga hakuna mtu wa pili wa kuyasema hayo.

Chukua kung'oa jino. Tunatumia namba za tarakimu mbili: ya kwanza inataja robo ya mdomo, ya pili inataja jino kwa kuhesabu kutoka katikati. 36 ni gego la kwanza la chini kushoto, 46 ni mwenzake wa kulia. Daktari akiwa mbele ya mgonjwa, kushoto kwa mgonjwa ni kulia kwake. Akihamia nyuma ya kichwa, pande zinarudi. Picha ya eksirei nayo ikibandikwa kinyume, mambo yamevurugika kabisa. Na mtoto anayeng'olewa premola, jino dogo lililo mbele ya magego, ili meno yapate nafasi ya kupangwa, jino linalotoka ni zima, halina tundu la kukuonya kwamba umeshika silo. Hapo kinga iliyobaki ni msaidizi anayesoma faili na kutamka "arobaini na nne, chini kulia" kabla koleo halijashika.

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa kwenye hospitali za miji minane. Mmoja ulikuwa Ifakara, hapa kwetu, hospitali ya Mtakatifu Fransisko, pamoja na London, Toronto, Seattle, Manila na mingine. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kipengele kimojawapo cha orodha ile kinamtaka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Naamini kabisa kwamba mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya wenzake hapati shida kufungua mdomo mara ya pili. Ifakara waliweza na vifaa vyao vya wakati ule. Sisi wenye viti vya umeme na viyoyozi tunashindwa nini?

Vinavyowafunga watu midomo navijua. Kundi la WhatsApp la kazini: bosi anapiga picha ya trei chafu, anaituma saa 4 usiku, anamtaja mtu kwa jina, wote wanasoma. Kesho trei itakuwa safi, na hakuna atakayemwambia bosi kwamba otoklevu siku hizi haifiki joto lake. Kuna makato ya mshahara kila kitu kikivunjika. Kuna kula chakula cha mchana umesimama stoo kwa sababu daktari hajatoka.

Lakini linaloniumiza zaidi ni asilimia. Kliniki nyingi zinamlipa daktari sehemu ya alichoingiza. Wengine ni wa jioni; asubuhi wako hospitali ya serikali, kwetu wanafika saa 10 au 11 wakiwa wamechoka na foleni imejaa. Daktari kila mgonjwa kwake ni pesa. Msaidizi mshahara wake ni ule ule awe amehudumia wagonjwa sita au kumi na sita. Sasa vifaa lazima vioshwe, vikaushwe, vifungwe, viingie kwenye otoklevu: nyuzi joto 121 kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi kutegemea mashine na namna vilivyofungwa. Ongeza muda wa kupasha, kukausha na kupoa; mzunguko mmoja unaweza kula karibu saa nzima. Daktari akisema "leta seti nyingine" na seti iliyoiva hakuna, kinachofuata kinategemea kama msaidizi ana ruhusa ya kusema hapana. Asipokuwa nayo, kitakachoingia mdomoni mwa mgonjwa ni kifaa kilichosuuzwa na kupitishwa kwenye dawa kwa haraka. Hivyo ndivyo woga wa mfanyakazi unavyoweza kuwa homa ya ini ya mgonjwa.

Tulichofanya sisi kilianza na mwenye kliniki. Alikaa na sisi wote, pamoja na dada wa usafi, akasema mbele ya madaktari wake: yeyote akitamka "subiri, dokta", vifaa vinatoka mdomoni kwanza, maswali baadaye, na mimi mwenyewe mnisimamishe. Bila hilo neno la mwisho tusingefika popote.

Halafu tukaacha kupanga miadi kwa idadi ya watu wanaopiga simu. Tunapanga kwa idadi ya seti tulizonazo na mizunguko ya otoklevu inayowezekana kwa siku. Seti zikiisha, miadi imeisha. Mapokezi ana hiyo hesabu na hakuna wa kumlazimisha. Daktari mmoja alikasirika, akasema tunamnyima riziki. Mwenye kliniki akanunua seti zaidi za kung'olea na kuzibia, wagonjwa wakaongezeka bila kukimbizana. Kumbe kilichopungua ni vifaa, na miaka yote gharama yake ilikuwa inabebwa na woga wa wasaidizi.

Asubuhi tunasimama dakika kumi pale mapokezi. Mapokezi anasoma orodha ya siku: nani ana kisukari, nani anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mtoto gani mara iliyopita alilia mpaka akarudishwa nyumbani. Kila mtu anataja kilichoharibika au kilichokwisha. Kundi la WhatsApp limebaki la ratiba na matangazo. Kumrekebisha mtu ni ana kwa ana, mlango umefungwa.

Kwenu hali ikoje? Nawaomba wenye kliniki nao waseme, nisije nikawa nasikilizwa na wasaidizi wenzangu peke yao.

#2 Binti_wa_Pangani

Dada/kaka mwandishi, Mungu akubariki. Mimi ni asistenti, kliniki mbili zimenipita mikononi. Ya kwanza nilichomwa na sindano ya ganzi iliyoachwa kwenye trei bila kifuniko, imefichwa chini ya gozi. Sikumwambia mtu. Mwenzangu aliyewahi kusema aliambiwa hayuko makini na akahamishiwa usafi wa korido. Nilikwenda mwenyewe kituo cha afya kesho yake, najificha na mtandio. Sipendi msichana mwingine apitie hayo mawazo ya miezi ya kusubiri majibu.

Sasa niko sehemu nyingine, hapa daktari akishachoma ganzi anafunika na kuitupa yeye mwenyewe kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano. Kitu kidogo hicho, lakini ndicho kinachonifanya niamke asubuhi na moyo wa kazi.

#3 tabibu_wa_kata

Pole sana Binti wa Pangani. Naomba niongezee hapo kwa faida ya wote, maana naona vijana wengi hawajui.

Ukichomwa na kifaa kilichotumika: osha hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye wala kufyonza. Toa taarifa palepale. Mgonjwa anaombwa ridhaa apimwe, na wewe unapimwa. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, saa chache ni bora kuliko siku, mwisho saa 72, unazimeza siku 28. Hatari ya VVU kwa mchomo mmoja kutoka kwa mwenye virusi ni kama asilimia 0.3. Homa ya ini B ndiyo inatisha: kwa ambaye hajachanjwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Na chanjo ipo, dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita.

Mwenye kliniki anayemweka mtu kwenye kiti bila kumchanja, kisha akaita wafanyakazi "familia", hilo neno halijamfaa. Kwangu chanjo ndiyo ukurasa wa kwanza wa utamaduni wa kazi.

Na ile ya daktari kufunika sindano aliyoitumia yeye, kwa mkono mmoja, kifuniko kikiwa kimelala kwenye trei, iwe sheria ya kila chumba. Aliyechoma ndiye atupe.

#4 Dokta_Ziwa

Nimesoma kwa makini. Nina kliniki yangu Mwanza na bado natibu kila siku, kwa hiyo naomba na mimi nisikilizwe.

Kiti, kompresa, eksirei, otoklevu, vyote vinatoka nje ya nchi. Wengi wetu tuko kwenye mkopo wa benki, na pango linalipwa kwa mkupuo. Hendipisi, ile mashine ya mkononi ya kuchongea jino, ikianguka sakafuni beringi zimekufa. Mwandishi anasema makato yanafunga watu midomo. Sawa. Na mtu anayeivunja mara ya tatu kwa kuchezea simu? Na yule anayebeba katriji (vichupa) za ganzi kwenda kung'oa watu meno mtaani, chumbani kwake? Hilo lipo, kila mwenye kliniki analijua, na ni hatari kwa wananchi kuliko kelele za bosi. Tukiondoa adhabu tutabaki na nini?

La pili, mgonjwa. Watu wetu wanakuja kwenye meno wakiwa wamekwisha kuogopa. Akisikia mdomo wake uko wazi na msaidizi anamwambia daktari "subiri", hatarudi tena. Nidhamu ya chumba ina sababu zake.

#5 mapokezi_dom

Naomba watu wa mapokezi tusisahaulike. Sisi ndio tunatukanwa badala ya daktari. Daktari amechelewa saa mbili, bosi anasema "mwambie mgonjwa yuko njiani", mgonjwa anaona anadanganywa na mimi. Fomu za bima zikirudishwa kwa kuwa daktari hakuandika namba ya jino au hakusaini, naulizwa mimi kwa nini hela haijaingia. Nilipoomba daktari asaini kabla hajavua glavu... niliambiwa nisimpangie kazi.

Kwetu tulipata nafuu pale bosi aliporuhusu kitu kimoja tu: niseme ukweli. "Daktari amechelewa, hajatoa muda kamili, ukipenda nakupangia kesho." Matusi yamepungua kwa kiasi kikubwa. Mtu akiambiwa ukweli anaweza kukasirika lakini hakudharau.

#6 Kiti_Namba_Mbili

Dokta Ziwa, shikamoo na asante kwa kuja. Nilikuwa nangoja hoja kama yako.

Wizi wa ganzi ni wizi. Hilo siliwekei mto. Anayeng'oa watu chumbani kwake bila taaluma apelekwe kwenye nidhamu, na ikibidi polisi. Anayechezea simu akiwa na hendipisi mkononi ni mzembe, anaonywa kwa maandishi kwa utaratibu wa kazi. Nalilia yule wa tatu, na ndiye mwenye matukio mengi: mkono umeteleza, kamba ya kiti imenasa mguuni, trei imejaa kupita kiasi kwa sababu meza ni ndogo. Kliniki nyingi zinawakata hawa wote watatu kiasi kile kile na kwa ukali ule ule.

Angalia matokeo yake. Msaidizi aliyeangusha hendipisi na anajua atakatwa, anaifuta, anaipaka mafuta, anairudisha kwenye trei. Inazunguka kwa kuyumba. Siku ya pili au ya kumi inapata moto au ncha yake ya kuchongea inachomoka ikiwa mdomoni mwa mtu. Makato yamekuokolea bei ya beringi yakakuletea mgonjwa aliyemeza ncha. Ukitangaza kwamba anayesema palepale hakatwi, utajua hendipisi ipi ipelekwe kwa fundi kabla haijagusa mtu.

Kuna utafiti maarufu wa Profesa Amy Edmondson wa Harvard, uliotoka mwaka 1996. Alikwenda hospitalini kuangalia makosa ya kutoa dawa, akitarajia timu zinazoelewana vizuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu nzuri ziliandikisha makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyapata ni kwamba kwenye timu zile watu waliweza kuyasema, kwingine walificha. Kwa hiyo ukiniambia kliniki yako haina tukio hata moja kwa mwaka mzima, dokta wangu, nitakuwa na wasiwasi na daftari lako kabla sijakupa pongezi.

Kuhusu mgonjwa kupoteza imani: sisi tunamwambia mapema, akiwa bado ameketi wima. "Humu tunakaguana kila hatua, ukisikia mwenzangu ananisimamisha ujue tunakulinda." Na mgonjwa naye anapewa mkono wa kuinua. Waoga ndio wanaolipenda hili kuliko wote, maana hofu yao kubwa ni kwamba mle ndani hakuna wa kumzuia daktari.

#7 Afisa_Utumishi_TZ

Wadau, nimefanya kazi ya utumishi kwenye sekta binafsi ya afya. Kwa upande wa makato, ieleweke kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28. Mwajiri hana uhuru wa kukata mshahara kwa sababu ya kitu kilichoharibika mpaka: mfanyakazi akubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu, apewe nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Bosi anayekata kwa hasira mwisho wa mwezi anavunja sheria.

Saa za kazi nazo. Kawaida ni saa 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku. Ziada inalipwa mara moja na nusu. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Na kati ya kutoka kazini na kurudi kuwe na saa 12. Kliniki inayofunga saa 3 usiku na kufungua saa 2 asubuhi kwa msaidizi yule yule imempa saa 11 tu, kabla hujahesabu daladala. Kuna njia ya kupunguza hizo 12 hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi na pale siku ya kazi inapokuwa na mapumziko ya angalau saa tatu katikati.

Na aliyeumia kazini, ikiwemo kuchomwa sindano, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili yake. Michango yake inalipwa na mwajiri peke yake, haikatwi kwenye mshahara. Bila taarifa ya maandishi ya tukio, dai linakuwa gumu. Mnaona tunarudi pale pale kwenye daftari.

#8 Mama_Junia

Swali kwa mnaojua. Mimi ni asistenti, nina ujauzito mchanga, sijamwambia mtu kazini kwa sababu wa kabla yangu alipojulikana hakuongezewa mkataba. Chumba cha eksirei ni hicho hicho tunachofanyia kazi. Nifanye nini?

#9 tabibu_wa_kata

Mama Junia, sema mapema na kwa maandishi, utunze nakala. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mtoto aliye tumboni ni milisiviti 1 (kipimo cha mionzi) kwa muda wote uliobaki wa ujauzito tangu ulipotoa taarifa, kwa hiyo taarifa ndiyo inayoanzisha ulinzi wako. Picha za meno zina mionzi midogo na ukitoka nje ya chumba au kusimama nyuma ya kinga ya madini ya risasi unakuwa salama. Usishike filamu mdomoni mwa mgonjwa kwa mkono wako, kamwe, hata kama mtoto anahangaika. Mzazi wake avalishwe aproni ya kukinga mionzi aishike. Omba pia ile beji ya kupimia mionzi. Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo inayosimamia mashine hizi na vipimo vya wafanyakazi wake, kliniki yenye leseni inalijua hilo.

#10 Afisa_Utumishi_TZ

Mama Junia, na sheria inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukijaliwa mapacha. Kuachishwa kwa sababu ya ujauzito si sababu halali. Mambo ya kuachishwa yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukihitaji namna ya kuandika barua hiyo nitumie ujumbe faragha.

#11 Mvita_Meno

Hamjambo nyote, naandika kutoka Mombasa, mimi ni daktari wa meno.

Uzi huu umegusa mambo muhimu lakini kuna jambo hamjalitaja: adabu. Kwetu pwani msichana wa miaka ishirini na mbili amelelewa asimkatize mzee maneno. Ukimwambia "nisimamishe wakati wowote" ataitikia, na siku ikifika atanyamaza, kwa sababu mdomo wake haujazoea. Ruhusa ya bosi haitoshi. Lazima apewe maneno yenye heshima ndani yake, na ayafanyie mazoezi.

Sisi tunatumia "Samahani daktari, naomba kidogo." Kila asubuhi kwenye mgonjwa wa kwanza, msaidizi analazimika kulisema mara moja hata kama hakuna tatizo, na mimi nalazimika kuweka kifaa chini na kujibu "ahsante." Wageni wanaona ni kama mchezo wa kuigiza. Lakini baada ya muda ulimi umezoea, na mimi mkono wangu umezoea kusimama. Hilo la pili ndilo gumu, wallahi. Madaktari tumefunzwa kumaliza tulichoanza.

#12 Binti_wa_Pangani

Mvita_Meno, hiyo nimeipenda mno. Neno "subiri" kwangu zito, "naomba kidogo" naweza.

#13 Mswahili_Leicester

Wapendwa, nami nichangie kutoka Uingereza ambako nafanya kazi kama nesi wa meno. Huku nesi wa meno lazima asajiliwe na baraza lile lile linalowasajili madaktari wa meno, na usajili huo umekuwa wa lazima tangu mwaka 2008. Viwango vya baraza vya mwaka 2013 vinasema wazi kwamba kila aliye kwenye timu ana wajibu wa kutoa taarifa mgonjwa akiwa hatarini. Nikinyamaza, ninaulizwa mimi kwa jina langu, siwezi kujificha nyuma ya daktari.

Jambo hilo hubadilisha kabisa namna mtu anavyosimama kwenye chumba. Sisemi huku hakuna mabosi wakali, wapo, na watu wanachoka na kuacha kazi hii. Lakini msaidizi anayetambuliwa kuwa na taaluma yake ana mahali pa kukanyagia anapozungumza. Nyumbani wasaidizi wengi wamefundishwa kazini tu, hawana cheti cha kazi hiyo, ndiyo maana bosi anaweza kusema "wewe ni nani?" Mwenye kliniki akimlipia msaidizi wake mafunzo ya kuzuia maambukizi na akabandika cheti chake ukutani pamoja na vya madaktari, atakuwa amempa sauti.

#14 Dokta_Ziwa

Nimerudi. Hoja ya kupanga miadi kwa idadi ya seti naichukua, nimekwisha kumwambia mke wangu anayeshika mapokezi aanze kuhesabu. Ya Mvita nayo nitaijaribu, kwa sababu inalinda heshima ya mgonjwa na ya chumba.

Kuhusu makato bado hatujakubaliana moja kwa moja. Nitafuata utaratibu wa kifungu hicho cha 28, lakini kwa uzembe wa kurudia nitakata. Na kwa wanaoiba ganzi sitaki mjadala.

Naomba msaada mmoja: hilo daftari la matukio linaandikwaje? Nikiliweka mapokezi kila mtu atasoma makosa ya mwenzake, nikiliweka ofisini kwangu hakuna atakayekuja kuandika.

#15 Kiti_Namba_Mbili

Dokta, tofauti yetu kwenye uzembe wa kurudia ni ndogo, mradi kabla ya kukata mtu uulize kwanza kwa nini unarudia. Kwetu kuna dada aliyekuwa anadondosha vitu kila jioni, ikaonekana alikuwa anaingia zamu ya asubuhi na ya jioni mfululizo kufidia aliyeacha kazi.

Daftari letu liko chumba cha kuoshea vifaa, kwenye droo isiyofungwa. Pale kila mtu anapita na bosi hakai. Halina safu ya jina la aliyekosea. Tunaandika tarehe na saa, chumba, kilichotokea, kilichokaribia kumfika mgonjwa au mfanyakazi, kilichofanywa palepale, na pendekezo la mwandishi. Mtu akitaka kusaini anasaini, asipotaka basi. Kuchomwa sindano kunaandikwa pia kwenye fomu ya peke yake yenye jina, inatunzwa kwa siri kwa ajili ya matibabu na fidia, kama Afisa alivyoeleza.

Kila Jumamosi kabla ya kufunga, tunasoma ya wiki hiyo. Msomaji anazunguka: wiki hii daktari, ijayo mapokezi, ijayo dada wa usafi. Kwa kila tukio swali ni moja, tubadilishe nini ili lisitokee kwa mtu mwingine, na jibu linaandikwa na jina la atakayelifanya na siku ya kulimaliza. Jina la mwenye kliniki linapotokea kwenye safu hiyo, kwa mfano "kununua boksi za sindano" au "kumwita fundi wa otoklevu", Jumamosi inayofuata anaulizwa kama wengine. Asipotekeleza mara mbili, daftari linaacha kuandikwa, kwa hiyo anza na yale yanayokugharimu wewe na uyamalize ndani ya wiki ile ile.

Ukurasa wa kwanza uandike wewe, kwa mwandiko wako, tukio la chumbani kwako.